Ukungu Machoni mwa Mshonaji: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Uhalisia Pepe kwa Wazee

Kisa hiki kinamhusu mwanamke wa miaka 78, mshonaji mstaafu, aliyeombwa kujaribu programu ya uhalisia pepe iliyotengenezwa kwa ajili ya wakazi wa makao ya wazee. Nilihusika kama mshauri wa usanifu, na ingawa niliingia kazini toleo la kwanza likiwa limekwisha kujengwa, makosa nitakayoyaeleza ni ya timu nzima, mimi nikiwemo. Jina lake silitaji. Humu nitamwita Bibi, kama sote tulivyokuwa tukimwita.

Programu yenyewe haikuwa na makuu. Mtumiaji huketi kwenye kiti chenye mikono, huvalishwa kifaa kichwani, kisha hujikuta ndani ya kigari kinachotembea polepole katika bustani iliyo kando ya ziwa. Katika mkono wake wa kushoto huonekana ubao mdogo wenye majina ya sehemu anazoweza kutembelea, na kwa mkono wa kulia hulenga jina moja na kubonyeza kitufe. Aliyebuni ubao huo alikuwa na hoja nzuri: mzee ameshika vitabu, barua na sinia maisha yake yote, kwa hiyo kitu cha kushikwa mkononi, karibu na mapaja, hakitamtisha kama menyu inayoelea hewani. Hoja hiyo ilitushawishi sote, na ndiyo iliyotuponza.

Katika kikao cha kwanza Bibi alitulia kwa muda mfupi, akaisifu rangi ya maji, kisha akaanza kuinua kidevu. Aliinua zaidi na zaidi hadi sehemu ya nyuma ya kifaa ikagusa egemeo la kiti, huku mkono wake wa kushoto ukipanda na kushuka kama wa mtu anayetafuta mwanga wa dirisha ili asome karatasi. "Naona ukungu, mwanangu," alimwambia mhudumu. Mhudumu alikaza mkanda, akafuta lenzi kwa kitambaa kikavu, akamvalisha tena. Ukungu ulibaki. Baada ya dakika chache Bibi aliomba kuvuliwa, na alipoulizwa kama angependa kurudia siku nyingine alijibu kwa adabu kwamba atafikiria.

Tulichokifanya baada ya hapo kinastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu kila hatua ilikuwa na mantiki yake na bado zote zilituelekeza pabaya. Tulimsomea hojaji ya dalili za ugonjwa wa viigizaji, yaani usumbufu unaompata mtu anapoona mwendo wa kuigiza, ile iliyochapishwa mwaka 1993 na Kennedy na wenzake kutokana na takwimu za marubani wa kijeshi waliofunzwa kwenye mitambo ya kuigiza urukaji. Hojaji hiyo ina dalili 16, na majibu hupangwa katika makundi matatu: kichefuchefu, uchovu wa macho, na kupotewa na mwelekeo. Bibi alisema hana kichefuchefu, wala jasho, wala kizunguzungu. Alisema tu kwamba haoni vizuri na kwamba anashindwa kukaza macho mahali pamoja. Katika hesabu ya hojaji hiyo, dalili hizo mbili huingia katika kundi la macho na pia katika kundi la kupotewa na mwelekeo. Basi alama zake za kupotewa na mwelekeo zikapanda, ingawa hakuna chochote kilichomzunguka kichwani. Tukasoma alama hizo, tukaandika kwamba mshiriki aliathiriwa na mwendo.

Tiba ya mwendo ilijulikana. Tulipunguza kasi ya kigari, na tukaongeza kivuli kinachofunika kingo za taswira kila inaposogea, mbinu ambayo Fernandes na Feiner wa Chuo Kikuu cha Columbia waliichunguza mwaka 2016 na kuonyesha kwamba inaweza kupunguza usumbufu. Kivuli hicho kilifunika, pamoja na mengine, sehemu ya chini ya taswira, ambako ndiko ubao ulikokuwa. Kwa maneno mengine, tulimzibia Bibi kile kile alichokuwa anahangaika kukiona. Tulikuza pia herufi, jambo ambalo ungetarajia liwe na msaada walau kidogo, lakini ubao uliokuzwa ulizidi kuteremka nje ya upeo wa lenzi. Katika kikao cha pili aliinua kidevu vile vile, akakosa kubonyeza mara kadhaa, na mmoja wetu akaandika katika daftari la kikao maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka naona haya: "Hakuelewa maelekezo." Pembeni, kwa penseli, palikuwa na neno "kumbukumbu" na alama ya kuuliza.

Nina sababu ya kulitaja daftari hilo. Kijana anaposhindwa kusoma maandishi ndani ya kifaa, huwa tunasema programu ina hitilafu. Mzee akishindwa kusoma maandishi hayo hayo, macho yetu hukimbilia umri wake, na kuanzia hapo kila anachokifanya huonekana kuwa ushahidi.

Aliyefumbua fumbo hakuwa msanifu. Siku ya kikao cha tatu, kabla hatujawasha chochote, mhudumu alimpa Bibi pakiti ya dawa ili athibitishe kipimo chake. Bibi aliishusha pakiti hadi usawa wa kifua, akainua kidevu, akaisoma kwa sauti bila kukosea. Ulikuwa mwendo ule ule tuliouona ndani ya bustani. Mhudumu akageuka kutuangalia, akauliza: "Hivi miwani yake ni ya aina gani?"

Hapa lazima nikiri kwamba lugha nayo ilituchezea. Kifaa cha kichwani tumezoea kukiita miwani ya uhalisia pepe, na siku ya kwanza mhudumu alimwambia Bibi, "Vua miwani tukuvalishe miwani," kauli iliyowachekesha wote wawili na kuishia kwa Bibi kukataa kuvua yake, kwa kuwa bila hiyo haoni. Fomu yetu ilikuwa na swali moja tu kuhusu jambo hili: je, mshiriki anavaa miwani? Mhudumu alitia alama ya ndiyo, akaweka kile kipande cha plastiki kinachoacha nafasi kati ya lenzi za kifaa na miwani ya mtumiaji, na suala likaishia hapo. Hatukuuliza ni miwani ipi, wala ya kutazamia nini.

Miwani ya Bibi ilikuwa ya sehemu mbili, juu ya kuonea mbali na chini ya kusomea. Kadiri umri unavyosonga, lenzi iliyomo ndani ya jicho hukakamaa na kupoteza uwezo wa kujibadilisha umbo ili kuona karibu. Kwa kawaida watu huanza kulihisi jambo hilo baada ya miaka 40, na kufikia umri wa Bibi uwezo huo huwa umekwisha takriban wote. Sehemu ya chini ya miwani hufanya kazi ambayo jicho limeiacha, ikileta mwonekano safi katika umbali wa kusoma, yaani kama sentimita 40. Mshonaji anayetunga uzi kwenye sindano hujifunza kuinua kidevu ili sindano iangukie katika sehemu hiyo ya lenzi, na baada ya miaka mingi hafikirii tena. Shingo hufanya yenyewe.

Ndani ya kifaa, hata hivyo, hakuna kitu kilicho karibu. Skrini iko sentimita chache tu kutoka kwenye jicho, lakini lenzi za kifaa huifanya ionekane kana kwamba iko mbali, na umbali huo haubadiliki. Katika vifaa vingi ni kati ya mita 1.3 na mita 2 hivi. Programu inaweza kuchora ubao unaoonekana uko mkononi, ikatofautisha picha ya jicho la kushoto na ya kulia ili ubao uonekane karibu, lakini mwanga unaoingia jichoni bado unakuja kama wa kitu kilicho mbali. Ubongo wa Bibi uliona ubao uko karibu na chini, na shingo yake ikafanya ilichofundishwa: ikainua kidevu ili atazame kupitia sehemu ya kusomea. Sehemu hiyo ililenga sentimita 40, picha ilikuwa zaidi ya mita moja, na matokeo yake yakawa ukungu. Tena kwa kuinua kidevu aliusukuma ubao kuelekea ukingo wa chini wa lenzi za kifaa, mahali ambapo hata kijana mwenye macho mazima huona maandishi yakififia. Kadiri alivyojitahidi kwa njia iliyomsaidia maisha yake yote, ndivyo alivyozidi kuona vibaya.

Jambo la kejeli ni kwamba kwa upande mwingine macho ya Bibi yalikuwa na nafuu kuliko yetu. Wataalamu wa uhalisia pepe hulalamikia mgongano wa mambo mawili: macho hugeukia ndani ili kukutana kwenye kitu kinachoonekana karibu, huku lenzi ya jicho ikitakiwa kubaki imelenga mbali. Mgongano huo huchosha macho ya kijana, ambaye mambo hayo mawili huenda pamoja. Jicho ambalo limekwisha kuacha kujibadilisha lina kidogo cha kugombana nacho. Tulikuwa tunamhurumia kwa sababu isiyo sahihi.

Bibi aliombwa miwani nyingine yoyote aliyokuwa nayo. Mhudumu alikwenda chumbani kwake na kurudi na kopo la bati la vifungo na nyuzi, na chini kabisa, imefungwa ndani ya kipande cha kitambaa, mlikuwa na miwani ya zamani ya kuonea mbali tu. Bibi mwenyewe alisema aliiacha baada ya kupewa hii mpya. Ilikuwa na mikwaruzo, na haikuwa na uhakika wa kumfaa sawasawa kwa macho ya sasa, lakini ilitosha kwa jaribio. Tulimvalisha, tukarudisha kifaa juu yake, tukasogeza lenzi za kifaa zilingane na umbali kati ya mboni zake. Jambo hilo la mwisho huonekana dogo, lakini kuna vifaa, kama Meta Quest 2, vyenye nafasi tatu tu za kuchagua, milimita 58, 63 na 68, na mtu aliye nje ya hizo au katikati yake hubaki na taswira isiyotulia. Bibi alinyamaza kidogo. Kisha akasoma jina la kwanza kwenye ubao, na la pili.

Kumbadilishia mtu miwani si usanifu, na hapa ndipo tulipotofautiana sisi kwa sisi. Mwenzetu mmoja aliona kazi imekwisha: ongeza swali kwenye fomu, mweleze mhudumu, basi. Mimi nilishikilia kwamba programu inayomtegemea mhudumu akumbuke kuuliza ni programu iliyobeba kosa lake ndani, kwa kuwa wazee wenye miwani ya sehemu mbili, au ile inayobadilika taratibu kutoka juu hadi chini, ni wengi, na si kila mmoja ana miwani ya zamani ndani ya kopo. Swali liliongezwa kwenye fomu, tena likawa la kwanza. Lakini ubao nao uliondolewa mkononi. Uliwekwa mbele ya mtumiaji, umesimama mahali pamoja, chini kidogo tu ya usawa wa macho, katika umbali wa kuigiza wa mita 2, ili kile ambacho ubongo unakikadiria na kile ambacho lenzi za kifaa zinakitoa vikaribiane. Hapo mtu hutazama mbele kwa sehemu ya juu ya miwani yake bila kufundishwa. Herufi zilipewa kimo cha sentimita 5, ambacho katika umbali huo huchukua kama nyuzi 1.4 za upeo wa macho, na rangi ya kijani hafifu juu ya nyeupe, iliyopendwa sana na mchoraji wetu, ikabadilishwa kuwa nyeusi juu ya krimu. Miongozo ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, hutaka uwiano wa mwanga kati ya herufi na rangi iliyo nyuma yake usiopungua 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida; shirika hilo lilichapisha pia mwaka 2021 waraka wa mahitaji ya watumiaji wenye ulemavu katika uhalisia pepe na uhalisia ulioongezwa, ambao tungepaswa kuusoma kabla ya kuchora chochote. Kwa jicho la mzee, ambalo mboni yake ni ndogo zaidi na lenzi yake imeingia umanjano, uwiano wa 4.5 naona ni pa kuanzia tu.

Mara Bibi alipoweza kusoma, tatizo la pili lilijitokeza, ambalo ukungu ulikuwa umelificha. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukitetemeka kidogo, na vidole vilikuwa na baridi yabisi. Katika toleo letu mwale mwembamba ulitoka kwenye kidhibiti, kile kifaa chenye vitufe alichokishika mkononi, hadi ubaoni, na mwale wa namna hiyo hukuza kila mtikisiko: mtetemo wa nyuzi 1 tu mkononi huihamisha ncha ya mwale karibu sentimita 3.5 katika umbali wa mita 2. Majina ya ubaoni yalikuwa yamepishana kwa nafasi ndogo kuliko hiyo. Zaidi ya hapo, ili kubonyeza alitakiwa kuvuta kitufe cha kidole cha shahada, na juhudi ya kuvuta ilisogeza mwale kutoka kwenye jina alilolikusudia. Tulijaribu kuondoa kubonyeza kabisa, mtu achague kwa kulitazama jina kwa sekunde mbili. Bibi alilichukia jaribio hilo waziwazi. "Kila ninachokiangalia kinafunguka," alisema, "sasa niangalie wapi?" Alikuwa sahihi, kwa kuwa kutazama na kutaka ni mambo mawili tofauti. Tulirudi kwenye vitufe, lakini kitufe chochote cha kidhibiti kikawa kinafanya kazi ile ile moja, programu ikawa inahesabu jina lililolengwa kabla kidole hakijaanza kukaza, na kila jina likapewa eneo pana la kupokea, lenye nafasi tupu pande zote. Majina yaliyoonekana kwa wakati mmoja yalipungua kutoka manane hadi matatu. Hakuna aliyelalamikia upungufu huo.

Kigari kiliondolewa pia, ingawa si kwa sababu ya Bibi, kwani alipoona vizuri mwendo wake haukumsumbua. Mkazi mwingine wa makao, mwanamume mwenye nguvu na mcheshi, alishika mikono ya kiti kwa nguvu mara tu kigari kilipokata kona, na hakuachia hadi tulipozima. Viungo vya usawa vilivyo ndani ya sikio hudhoofika kadiri umri unavyokwenda, na mwili huanza kuyategemea macho zaidi katika kujua kama umesimama au unayumba. Macho yakiambiwa kwamba dunia inageuka, mwili wa mzee huamini upesi kuliko wa kijana. Sasa taswira hufifia hadi giza, kisha mtu hujikuta mahali papya akiwa ametulia. Hatukuruhusu mtu yeyote kutumia programu akiwa amesimama, na hata baada ya kuvuliwa kifaa mtumiaji hubaki amekaa dakika chache kabla ya kuinuka, akiwa na mhudumu kando yake. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na kundi la waliozidi miaka 60 ndilo lenye vifo vingi zaidi. Bustani ya kuigiza haina thamani ya kumvunja mtu nyonga.

Uzito ulibaki kuwa jambo tusiloweza kulitatua vizuri. Mwanasayansi wa kompyuta Ivan Sutherland alipoonyesha kifaa chake cha kichwani mwaka 1968, kilikuwa kimeunganishwa na mtambo ulioning'inizwa kwenye dari. Vya leo vina kama nusu kilo, na karibu uzito wote uko mbele ya uso, ukiivuta shingo chini. Tuliweka mkanda wenye uzito wa kusawazisha upande wa nyuma, tukafupisha kikao kiwe dakika kumi. Kwa wanaovaa vifaa vya kusaidia kusikia, mkanda huo ulipogusa sikio vifaa hivyo vilitoa mluzi mkali, na hatukupata dawa nyingine ila kutumia spika ya nje iliyowekwa kando ya kiti, na msimulizi mwenye sauti nzito kidogo anayetamka konsonanti zake kwa ukamilifu.

Daftari lile la vikao halikufutwa. Chini ya maneno "Hakuelewa maelekezo" tuliandika tarehe, na maelezo ya miwani ya sehemu mbili, na saini ya aliyeyaandika mwanzo.

Katika kikao cha tano Bibi alichagua mwenyewe sehemu ya mapumziko, ambapo pana meza ya bustani iliyotandikwa kitambaa cha maua. Hakutazama ziwa wala ndege tuliowahangaikia kwa wiki mbili. Aliinama mbele, akanyoosha mkono kana kwamba anataka kuushika upindo, akabaki hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba mhudumu alimuuliza kama yu salama. "Mimi salama," alijibu. "Lakini aliyeshona hiki hakuunganisha maua. Tazama hapo kwenye mshono: ua moja limekatwa kichwa." Jioni mchoraji wetu alifungua faili la kitambaa. Picha ndogo ya maua ilikuwa imerudiwa mara nne ili kufunika meza, na kingo zake hazikukutana. Alikuwa ameipitia kila siku tangu mradi uanze.